Mwenye Ndege Ndogo Hufanya Kazi Gani?

Ikiwa unaishi pande zetu hizi za Thika, bila shaka umewahi kusimama uani, nguo bado hujamaliza kuanika, ukainua kichwa na kuona ndege ndogo yenye pangaboi moja ikinguruma kuelekea Kilimambogo. Watoto huipungia mikono. Sisi wa kidato cha tatu hujitia hatuioni, ingawa macho huifuata mpaka ipotee. Halafu mmoja wetu husema, "Huyo ana pesa!" na mazungumzo huishia hapo.

Mimi nataka yaendelee. Pesa anazo, sikatai. Lakini mjomba wangu ni fundi wa ndege katika uwanja wa Wilson kule Nairobi. Kila alfajiri hupanda matatu hapa Makongeni na kurudi usiku mikono ikinuka oili. Yeye husema pesa ndiyo sehemu rahisi. "Mwenye matatu ana dereva, ana makanga, tena ana polisi wa kumsumbua njiani," huniambia. "Mwenye ndege anayejiendesha mwenyewe ndiye bosi, ndiye dereva, ndiye makanga. Sasa nani atamwambia hapana?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mambo haya si mageni nchini. Klabu ya marubani ya Afrika Mashariki, Aero Club of East Africa, ilianzishwa mwaka 1927. Mwaka 1929 mama mmoja aitwaye Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways, na ni kwa heshima yake uwanja ule ulipewa jina lake mwaka 1962. Wakati huo wenye ndege walikuwa masetla, nao walizirusha wenyewe kama mtu aendeshavyo pikipiki. Mmoja wao, Denys Finch Hatton, alianguka na ndege yake aina ya Gipsy Moth mara tu baada ya kuruka kutoka Voi, tarehe 14 Mei 1931. Alikufa pamoja na mtumishi wake. Kaburi la Finch Hatton liko vilimani Ngong. Ndege za enzi hizo ziliandikwa herufi VP-K ubavuni. Siku hizi za Kenya huanza kwa 5Y, za Tanzania 5H na za Uganda 5X, kwa hiyo ukiwa na macho makali unaweza kujua mgeni ametoka wapi.

Ili uruhusiwe kurusha ndege yako mwenyewe unahitaji leseni ya rubani binafsi. Uwe umetimiza miaka 17, daktari akupime, ufanye mitihani, na uwe umeruka saa zisizopungua 40 katika mafunzo. Anayesimamia haya yote ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga nchini, KCAA, iliyoundwa mwaka 2002. Ukishapata leseni bado hujawa huru kubeba jamaa zako ovyo. Lazima katika siku 90 zilizopita uwe umeruka na kutua angalau mara tatu. Aliyekaa miezi minne bila kuruka, hata awe na ndege yake mlangoni, anapaswa kuzunguka kwanza peke yake au na mwalimu kabla ya kumbeba mkewe.

Tuje kwenye ndege yenyewe. Nitatumia Cessna 172 kuwa mfano kwa sababu mjomba huishughulikia sana, na pia kwa sababu hakuna ndege iliyoundwa kwa wingi kuishinda: zaidi ya 44,000 tangu miaka ya 1950. Ina viti vinne. Hapo ndipo watu hudanganyika! Chukua ile ya mwishoni mwa miaka ya 1970. Uzito wa juu kabisa inaoruhusiwa kuruka nao ni kilo 1,043. Tuseme yenyewe ikiwa tupu ina kilo 660. Zimebaki 383. Jaza tangi zote mbili, karibu lita 160, na kwa kuwa petroli ya ndege ina kilo 0.72 kwa lita, umeongeza kilo 115. Zimebaki 268. Sasa pakia watu wazima wanne wa kilo 70 kila mmoja. Ni 280. Umeshapita, na hata nanasi moja la kumpelekea shangazi hujaweka. Kwenye matatu makanga angesema "songeni kidogo, gari haijai!" Huku angani mwenye ndege hukaa chini na karatasi na kupiga hesabu, kisha ama anapunguza mafuta, ama mtu mmoja anabaki nyumbani. Nilipomwonyesha mwalimu wetu wa hisabati hesabu hii alicheka, akasema ni ya darasa la sita. Ndiyo, mwalimu, ila huyu wa darasa la sita hana shemeji aliyekwisha kufunga mizigo.

Asubuhi ya safari mwenye ndege huizunguka ndege yake polepole, mkono ukigusa kila kitu. Anatingisha mabawa. Anaangalia matairi, breki, bawaba na nati zilizofungwa kwa waya mwembamba ili zisijifungue kwa mtetemo. Anapitisha kidole kwenye ukingo wa pangaboi akitafuta palipochunwa na kokoto, kwa maana mkwaruzo mdogo hapo unaweza kuwa mwanzo wa ufa. Anachungulia chini ya kifuniko cha injini kama kuna ndege wa manyoya aliyejenga kiota. Mjomba aliwahi kutoa huko nyasi za kujaza ndoo, na ndege ilikuwa imelala siku tatu tu.

Kuna mrija mdogo chini ya bawa ambao hupokea upepo na kumwonyesha rubani mwendo wake. Nyigu wanaupenda mno. Wakiuziba kwa udongo, saa ya mwendo husema uongo, na rubani anaweza kupunguza mwendo akidhani anakimbia. Usidhani ni tatizo la ndege ndogo tu. Mwaka 1996 ndege kubwa ya abiria ilianguka baharini baada ya kuruka kutoka Jamhuri ya Dominika, watu 189 wakafa, na waliochunguza walishuku mrija kama huo ulizibwa na wadudu. Kinga yake ni kifuko cha kitambaa chenye utepe mwekundu unaoning'inia, kinachovishwa ndege ikilala. Mama yangu angekishona kwa dakika tano.

Kisha mafuta. Watu wa Makongeni tunajua habari za petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, kwa hiyo somo hili halitatushinda. Petroli ya ndege ndogo imetiwa rangi ya buluu ili isichanganywe na mafuta ya ndege za jeti, ambayo kwa kweli ni ndugu wa mafuta ya taa. Ukimimina ya jeti katika injini ya pistoni itazima, pengine ukiwa tayari juu ya mabati ya watu. Adui mwingine ni maji. Tangi lililolala nusu tupu hupatwa na umande ndani yake, na mvua nayo hupenya kwenye kifuniko kilichozeeka. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hutulia chini kabisa, na chini kabisa ndiko injini inakonywea. Basi kila asubuhi rubani huchota kidogo kutoka chini ya kila tangi kwa kikombe kinachoonyesha ndani, akakiinua kwenye mwanga. Tone la maji huonekana limekaa chini kama shanga. Na hapa kuna mtego: kikombe kikijaa maji matupu, hakuna tone la kuonekana! Kinaonekana safi kabisa. Ndiyo maana anatafuta ile rangi ya buluu, tena ananusa. Hata saa ya mafuta haaminiwi, bali hutumbukizwa kijiti cha kupimia, vile babu alivyopima maziwa.

Wala haitoshi mafuta kuwemo tangini. Beryl Markham, aliyekulia Njoro, aliondoka Uingereza mwezi wa Septemba 1936 kwa ndege aina ya Vega Gull aliyoazimwa, akawa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi. Baada ya saa zaidi ya 20 injini ilizima na pua ya ndege ikazama katika tope kule Cape Breton, Kanada. Yeye alitoka akiwa hai. Inaaminika barafu ilikuwa imeziba tundu la kupumulia la tangi. Petroli ikitoka bila hewa kuingia, itakwama kama chai ndani ya chupa iliyotobolewa tundu moja. Tundu hilo kwenye Cessna liko chini ya bawa la kushoto, na linahitaji kutazamwa tu. Sekunde mbili.

Injini ikishawaka kuna jaribio ambalo mimi nimeshuhudia nikiwa nyuma ya ua. Kila silinda ina plagi mbili, na kila plagi hupata cheche kutoka kwa magneto yake, ambayo haitegemei betri. Betri ife, injini haina habari. Rubani hupandisha injini hadi mizunguko 1,700 kwa dakika, anazima magneto moja, mizunguko inashuka kidogo, anairudisha, kisha anazima nyingine. Ikishuka sana kuna ugonjwa. Nami niliuliza, je, isiposhuka kabisa si ndiyo bora? Mjomba akanitazama kwa huruma. Isiposhuka kabisa maana yake pengine magneto haikuzimika, waya umekatika, na ndege hiyo hata ufunguo ukitolewa inaweza kuwaka mtu akigusa pangaboi kwa mkono. Tangu siku hiyo sisimami mbele ya pangaboi, hata lililo kimya.

Sasa niwaeleze kisa cha daktari, maana bila hicho haya yote ni orodha tu.

Mwenye ndege anaweza kufanya kazi ndogo ndogo mwenyewe: kujaza upepo, kuongeza oili, kubadilisha balbu, kuosha. Kazi kubwa ni za fundi mwenye leseni. Oili hubadilishwa kila baada ya saa 50 za kuruka, ukaguzi mkubwa hufanywa kila mwaka, na injini ya aina hii mtengenezaji husema ifunguliwe yote na kufanywa upya baada ya saa 2,000 au miaka 12, lolote litakalotangulia. Kila kazi huandikwa kitabuni na fundi hutia sahihi. Sahihi hiyo si mapambo. Ikitokea ajali, kitabu ndicho cha kwanza kutafutwa.

Daktari mmoja, jina lake nitalihifadhi, alikuwa na Cessna ya namna hiyo. Mtu mpole, mwenye kazi nyingi. Aliruka mara moja kwa miezi miwili hivi. Mwezi wa Agosti alitaka kuwapeleka watoto Malindi, ambako ni kama kilomita 420, saa mbili na ushee. Alhamisi akaileta ndege ibadilishwe oili. Mjomba alipotoa filta hakuitupa. Aliikata kwa kisu maalum, akakunjua karatasi yake kama mkunjo wa shuka na kuiangalia juani. Ilikuwa inametameta.

Alizikusanya zile chembe, akapitisha sumaku. Zilirukia sumaku. Huo ni ushahidi: chembe za alumini, zitokazo kwenye pistoni, hazivutwi, zinazovutwa ni za chuma cha pua kigumu, na katika injini ile chuma hicho kinachosagika mara nyingi ni kemshafti na vikombe vyake. Mhimili huo uko juu ndani ya injini. Ndege ikikaa wiki nyingi bila kuruka, oili yote hutiririka chini, unyevu unaanza kutu, na siku ya kuwashwa kutu hiyo inafanya kazi ya msasa. Kwa hiyo, msomaji, ndege iliyopumzika ndiyo inayochakaa! Na kuiwasha dakika tano uwanjani kisha kuizima hakusaidii, maana haipati moto wa kutosha kukausha maji yanayotokana na huko kuwaka kwenyewe.

"Daktari," mjomba alimwambia, "sitii sahihi."

"Fundi, inanguruma vizuri. Umeisikia mwenyewe."

"Nimeisikia, daktari. Nimeona na hii."

"Watoto wameshafunga mizigo."

Mjomba akanyamaza. Yule bwana hakupiga kelele. Aliichukua ndege ikavutwa hadi karakana nyingine siku iyo hiyo, na bosi wa mjomba, aliyekuwa na wateja wachache mwaka ule, akamwambia akapumzike nyumbani bila mshahara mpaka kazi ipatikane. Ilikuwa miezi miwili. Karo yangu hulipwa na mjomba. Wenzangu wa darasani wanajua muhula ule wa tatu nilikuwa wapi wiki mbili za kwanza: nilikuwa nikiuza mitumba na mama hapa stejini. Sina haya kusema kwamba nilimkasirikia. Nilimuuliza usiku mmoja, kwani vichembe vya kujaza kijiko kimoja vina thamani kuliko shule? Hakujibu. Aliinuka akaleta chupa ya dawa ya kikohozi ambamo alikuwa amevihifadhi, akaiweka mezani, akaenda kulala.

Nimefikiri sana juu ya chupa ile. Daktari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na watoto, mizigo na hoteli iliyokwisha kulipiwa, na hakuna aliyekuwa juu yake. Dereva wa shirika la ndege ana mkubwa, ana ratiba, ana mwenzake kiti cha kulia wa kumkohoa. Mwenye ndege ana fundi peke yake, na fundi huyo anamlipa yeye.

Na sisi wa nyanda za juu tuna sababu zaidi ya kuwa waangalifu, kwa kuwa hewa yetu ni nyepesi. Uwanja wa Wilson uko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Kwa kimo hicho kipimo cha kawaida cha dunia ni nyuzi 4 za joto, lakini saa nane mchana Nairobi huweza kufika 26. Kila nyuzi moja ya ziada ni kama kuongeza futi 120. Zidisha 22 kwa 120, upate 2,640. Ndege inayoondoka hapo inajiona iko futi 8,000 na zaidi! Injini inapumua kwa shida, pangaboi linashika hewa haba, bawa vilevile. Inakimbia barabara ndefu zaidi na kupanda kivivu. Hata kabureta lazima ipunguziwe petroli kabla ya kuruka, maana hewa imepungua na petroli ikibaki ile ile injini inasongwa. Mgeni kutoka Mombasa asiyejua hili husukuma kila kitu hadi mwisho, kisha hushangaa mbona miti inakuja. Ndiyo maana wenyeji wanaruka asubuhi.

Asubuhi nayo ina mambo yake, hasa Julai yetu ya ukungu. Barafu inaweza kuganda ndani ya kabureta hata nje kukiwa na nyuzi 20. Usibishe. Muuguzi akikupaka spiriti kabla ya sindano, si unasikia baridi? Petroli ikigeuka mvuke hunyang'anya joto namna hiyo hiyo, na unyevu wa hewa unaganda. Dawa ni kuvuta kishikio kinacholeta hewa ya moto. Injini kwanza itakohoa vibaya kwa sababu inameza barafu iliyoyeyuka, na rubani mchanga huogopa na kukirudisha. Akirudisha, ameharibu. Avumilie ikohoe.

Yapo yasiyo na dawa. Mwaka 1959, tarehe 10 Januari, kijana Mjerumani Michael Grzimek alikuwa akirusha ndege iliyopakwa milia ya punda milia juu ya Serengeti. Yeye na babake walijifunza urubani ili wahesabu wanyama. Tumbusi aligonga bawa, ndege ikaanguka, naye akafa akiwa na miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa Ngorongoro. Ndege ile ingekaguliwa na mafundi wote wa dunia, tumbusi angekuwa pale pale.

Turudi kwa daktari. Karakana ya pili haikutia sahihi pia. Walifungua silinda moja, wakaona kemshafti imelika upande mmoja kama sabuni. Injini ilishushwa ikafanywa upya, Malindi wakaenda kwa gari. Mwezi wa Oktoba simu ililia nyumbani tukiwa mezani. Daktari aliuliza kama fundi angekubali kuirudisha injini mahali pake. Mjomba alisema alete na kitabu chake.

Kazi ilichukua siku nne. Siku ya tano mjomba alitia sahihi, akafunga kalamu, na daktari akamfungulia mlango wa kulia. Ndiyo desturi pale: injini ikitoka kufungwa, aliyeifunga hupanda kwenye jaribio la kwanza. Walizunguka juu ya uwanja kwanza, wakipanda taratibu, ili injini ikizima wawe na mahali pa kutua, kisha wakaja huku kwetu. Mama alikuwa ameambiwa, basi tulitoka sote uani na majirani wote wa ploti, tukapunga mikono, hata mimi wa kidato cha tatu.

Jioni nikamuuliza kama alituona. Akasema aliona mashamba ya mananasi, akaona barabara ya Garissa na mito miwili, lakini nyumba hakuitambua. Mabati ya Makongeni yote ni mamoja, na wakati wote macho yake yalikuwa kwenye saa ya oili.